Damu ya Siku ya Pili

Pete ya ndoa ilikatwa kwa msumeno mdogo wa kukatia mabomba ya friji, maana vidole vya binti vilikuwa vimevimba na sabuni ilikuwa imeshindwa. Mumewe ndiye aliyekata. Alikuwa fundi wa friji, mtu wa mikono mitulivu, na alipenyeza kipande cha bati kati ya pete na ngozi asije akamchuna mkewe. Mama mkwe wake, mama mzazi wa binti, alisimama pembeni akiwamulikia kwa simu.

"Wiki ya thelathini na tano, pete inakatwa," alisema mama mkwe. "Leo huendi kufundisha watoto wa watu. Vaa viatu twende ukapimwe."

"Viatu ndiyo haviingii, mama," alisema binti, akacheka.

"Vaa vya mumeo."

Akavaa vya mumewe, akaingia navyo hospitali akiburuta miguu, na hakutoka tena hadi alipobebwa.

Mama yake alikuwa mkuu wa maabara wa hospitali hiyohiyo. Wodini walimwita Bi Rudia, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Sampuli ikija bila jina, rudia. Ikija chupa imejaa nusu, rudia. Damu ikija imeanza kuganda kwa sababu mtu kaona uvivu kuitingisha chupa, rudia. Alijua wanavyomwita na hakuwa na muda wa kununa. Alikuwa amesomesha watoto watatu kwa stashahada moja ya chuo, mume amezikwa zamani, na huyu aliyevaa viatu vya mumewe ndiye kitinda mimba. Nyumbani jina lake lilibaki hilohilo, Kitinda, hata alipokuwa mwalimu na mke wa mtu.

Presha ya Kitinda ilikuwa mia na sitini kwa mia na nne. Mkojo wake ulikuwa na protini. Daktari wa wodi ya wazazi, mwanamke mdogo kwa umri lakini makini, hakuzunguka. "Kifafa cha mimba kinanyemelea. Namlaza leo, na damu apimwe kila asubuhi."

Watu wengi wanaijua presha tu. Mtu wa maabara anajua kwamba presha ni mlango, na ndani ya nyumba kuna ini, kuna figo, kuna damu yenyewe. Kuna chembe ndogo ziitwazo chembe sahani, zile zinazoziba tundu mtu akijikata. Mimba ikigeuka sumu, chembe hizo huanza kuisha, na ini huanza kuvuja vitu ambavyo mashine inaviona kabla mgonjwa hajahisi lolote. Ndiyo maana damu huchotwa kila siku. Jibu la leo peke yake halisemi sana. Linasema likiwekwa kando ya la jana.

Bi Rudia hakuipima damu ya mwanawe kwa mkono wake. Kinyozi hajinyoi, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa amepiga marufuku mtu wa maabara kupima ndugu yake au kuulizia jibu lake kabla halijatoka. Kazi hiyo ilimwangukia Miwani, kijana wa pili kwa cheo, mtaratibu, mwenye vioo vinene na aibu nyingi. Lakini jibu likishatoka halali, mama alilisoma kwenye faili kama mzazi yeyote. Chembe sahani, zikihesabiwa kwa maelfu, mia mbili na kumi na mbili. Mia na tisini. Mia na sabini na moja. Siku ya nne, mia na arobaini na nane. Vipimo vya ini navyo vikaanza kupanda kidogo.

"Inashuka ngazi," alimwambia daktari.

"Nimeona. Leo jioni tunaanzisha uchungu. Hatusubiri afike chini."

Basi kabla ya kuzaa, kila mtu alifanya kazi yake. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu baadaye watu walisema mengi.

Kitinda alijifungua Jumanne asubuhi baada ya saa kumi na moja za uchungu. Mtoto wa kike, kilo mbili na robo, sauti kama ya mtu mzima anayedai haki yake. Mkunga wa zamu, aliyeitwa Dada Mrefu kwa sababu zinazoonekana, alimfuta mtoto, akamwonyesha bibi.

"Bi Rudia, huyu naye tumrudie?"

"Huyu mpokee hivyohivyo. Ila umpime tena uzito, mzani wenu siuamini."

Wodi nzima ikacheka. Mkwe alikuwa amesimama mlangoni, haingii wala hatoki, anafuta macho kwa kitambaa chenye grisi. Presha ilikuwa imeshuka. Kufika saa kumi jioni ilikuwa mia na thelathini na nane kwa themanini na nane, na Kitinda alikuwa anauliza kama anaweza kula.

"Kifafa cha mimba dawa yake ni kuzaa," alisema Dada Mrefu, na hakuna aliyembishia. Husemwa hivyo katika kila wodi ya wazazi, na ni kweli nusu. Nusu nyingine Bi Rudia aliisoma chuoni: kondo likishatoka, damu ya mzazi inaweza kuendelea kuporomoka siku mbili, tatu, ndipo igeuke. Aliwahi hata kuulizwa hilo kwenye mtihani, akalijibu, akapata alama zote.

Alichukua likizo ya siku mbili. Akaenda nyumbani kuchemsha nguo za mtoto.

Sasa lazima isemwe habari ya kanuni.

Miaka mitatu nyuma, mashine ya maabara ilitoa jibu la mama mmoja mjamzito: chembe sahani ishirini na mbili. Jibu la kutisha. Wodi ikashtuka, mama akapakiwa kwenye gari la wagonjwa kupelekwa hospitali kubwa, na katikati ya njia mbovu akajifungulia garini. Mtoto hakuishi. Hospitali kubwa walipopima upya wakakuta chembe mia mbili na kumi. Hakuwa na tatizo lolote. Damu ilikuwa imeshikana kwenye chupa, na chembe zikishikana mashine huona bonge moja mahali penye mia. Kikaoni daktari mmoja wa kiume alimuuliza Bi Rudia mbele ya watu thelathini, "Pale kwenu mnapima au mnapiga ramli?"

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wiki ileile Bi Rudia aliandika kanuni kwa mkono wake, akaibandika juu ya mashine: jibu lolote la chembe sahani lililoshuka chini ya nusu ya jibu lililotangulia lisitoke. Lizuiwe, wodi ipelekewe taarifa, sampuli irudiwe.

Miwani, wakati huo mgeni kazini, alikuwa ameuliza kwa sauti ndogo, "Mama, si tupake tone kwenye kioo tuangalie kwa hadubini kwanza? Kama zimeshikana tutaziona."

"Hadubini ina foleni ya malaria mpaka mlangoni. Rudia."

Na kanuni ilifanya kazi. Mara nyingi mno damu ilikuwa imeganda kweli, kwa sababu wodini walichota vibaya, na wodini walichota vibaya zaidi kadiri walivyozidi kununa.

Jumatano saa nne asubuhi alifika wodini na mfuko wa nguo safi. Kitinda alikuwa ameketi, amemwegemeza mtoto kwenye ziwa, uso umejaajaa kidogo.

"Umelala?"

"Kidogo. Hapa panabana." Akagusa chini ya mbavu, upande wa kulia. "Kama kiungulia, ila si kiungulia."

"Umesukuma tangu jua limezama mpaka limetoka tena. Mbavu zikae kimya, zimekosewa nini?"

Kitinda akacheka, kisha akakunja uso kwa sababu kucheka kuliuma. "Halafu walinitoa damu asubuhi. Dada mmoja akapita akasema huenda wakatoa tena. Hawajarudi."

"Imeganda hiyo," alisema mama yake, akikunjua nguo. "Wanachota kama wanakamua ng'ombe, chupa hawatingishi. Wakija, wape mkono ule mwingine, huo umeshachoka."

"Mama, huchoki kuwasema watu wa watu."

"Nikichoka mimi, nani atawasema?"

Akambadilisha mtoto, akamchana mwanawe nywele, akala nusu ya chakula ambacho Kitinda hakukitaka. Alikaa saa mbili. Maabara ilikuwa hatua sitini kutoka pale. Hakwenda, kwa kuwa alikuwa likizo, na kwa kuwa kanuni ilimkataza kuulizia.

Alhamisi saa moja na nusu alirudi kazini. Kazi yake ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kusoma daftari la majibu yaliyozuiwa, ajue wodi gani hazijaleta sampuli za kurudia, azipigie simu awagombeze. Yalikuwa matano. La tatu lilikuwa la Jumatano saa mbili na dakika kumi, wodi ya wazazi, kitanda cha tisa. Jibu lililotangulia, mia na arobaini na nane. Jibu jipya, sitini na moja. Kando yake, kwa mwandiko safi wa Miwani: *Limezuiwa. Inawezekana damu imeganda. Wodi imearifiwa.*

Alisoma mara moja tu. Mtu akishajua, hana haja ya kusoma mara ya pili.

"Miwani."

"Mama."

"Kitanda cha tisa. Walileta nyingine?"

"Hawakuleta. Niliwapelekea karatasi, mchana nikapiga simu. Wakasema mzazi ana hali nzuri, presha imetulia." Akavua miwani, akaivaa. "Nilitaka kukupigia wewe, mama. Nikakumbuka ulivyosema kuhusu ndugu."

"Hiyo chupa iko wapi?"

Ilikuwa kwenye friji, mahali pake, imeandikwa vizuri. Aliitoa. Akaigeuza taratibu, damu ikateleza kwenye kioo laini kama maji, bila bonge wala uzi. Akapaka tone kwenye kipande cha kioo, akakikausha kwa kukipepea, akakimwagia rangi. Rangi inataka dakika zake na haiharakishwi na machozi ya mtu, kwa hiyo alisimama akiangalia saa ya ukutani huku amelishika beseni kwa mikono miwili. Kisha akaweka kioo kwenye hadubini, akasukuma kando vioo vya malaria vya watu kumi na wanne.

Hakukuwa na chembe zilizoshikana. Chembe sahani zilikuwa chache tu, moja huku, moja kule. Na chembe nyekundu nyingi zilikuwa zimechanika, vipande vyenye ncha, kama kucha zilizokatwa. Damu ilikuwa inasagwa ndani ya mishipa ya mwanawe. Ilikuwa inasagwa tangu jana asubuhi, na chupa ilikuwa imekaa kwenye friji ikisubiri mwenzake.

Alifika wodini akikimbia, mwanamke wa miaka hamsini na sita anayewakataza wengine kukimbia koridoni. Dada Mrefu alikuwa amemlaza Kitinda ubavu, amemshika taya. Degedege lilikuwa limeshaanza. Mtoto alikuwa kwenye kitanda cha jirani, amewekwa haraka, kitambaa kimemfunika nusu.

"Alisema anaona nyota," alisema Dada Mrefu. "Nimegeuka kuchukua kipima presha tu."

"Chota damu," alisema Bi Rudia.

"Bi mkubwa—"

"Chota damu. Nitaitingisha mwenyewe."

Chembe kumi na tisa. Vipimo vya ini vimepanda mara ishirini ya kawaida. Daktari alikuja, akasoma, uso wake ukabadilika, akaanza kutoa amri. Dawa ya degedege ikaanzishwa. Watu wa maabara wakajipanga kutoa damu, Miwani wa kwanza, lakini damu nzima si chembe sahani, na chembe sahani zilikuwa hospitali kubwa, saa nne za barabara. Gari lilitumwa. Lilipokuwa njiani kurudi, mboni ya jicho moja la Kitinda ikapanuka kuliko ya pili, na daktari akajua kwamba damu imeingia kwenye ubongo.

Alifariki Ijumaa saa tisa alasiri. Mama yake alikuwa amemshika mguu, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na mirija.

Wiki iliyofuata kilifanyika kikao cha vifo vya wazazi. Mwenyekiti alikuwa muuguzi mkuu, mwanamke mzito wa maneno, aliyeanza kwa kumwambia Bi Rudia kwamba hakuna anayemlazimisha kuhudhuria.

"Mimi ni mkuu wa maabara," alisema. "Kesi ina maabara ndani yake. Endeleeni."

Karatasi ya Miwani ilipatikana ndani ya faili, chini ya fomu ya chanjo ya mtoto. Daktari alikiri kwamba Jumatano alisoma presha, akaona neno *linasubiriwa* mahali pa jibu la damu, akapita kwenda kitanda cha kumi. Dada Mrefu alisema alichosema bila kupunguza. "Mwezi ule walituambia imeganda mara thelathini na moja. Nimehesabu. Mara ya thelathini na mbili ningejuaje? Na mzazi kakaa, ananyonyesha, anacheka na mama yake."

Hakuwa amekusudia kuchoma, na alikuwa amechoma.

Ndipo mtu mmoja wa utawala akaanza kuuliza kwa nini Miwani hakutumia akili yake. Jibu la sitini na moja kwa mzazi mwenye kifafa cha mimba lingempigisha kelele hata mwanafunzi. Miwani akasimama. "Ni kosa langu," alisema. "Ningeangalia kwenye hadubini."

"Kaa chini," alisema Bi Rudia. "Hukukosea. Ulifanya nilivyokufundisha. Kanuni niliitunga mimi, na hadubini nilikukatalia mimi. Niliogopa kuaibika mara ya pili, basi. Andikeni hivyo."

Hawakuandika hivyo. Muuguzi mkuu alimvuta kando baada ya kikao, akamshika kiwiko.

"Barua ya familia itasema matatizo yatokanayo na uzazi. Na si uongo. Mwenzangu, mkweo ana huzuni ya kutosha, usimtwishe na hii. Una mjukuu wa kulea. Akikuchukia, mtoto utamwona wapi?"

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya."

Alikwenda moja kwa moja kwa mkwewe, maana zamu yake ya kukaa na mtoto ilianza saa kumi. Nyumba ilikuwa vyumba viwili na baraza lenye friji tatu za wateja, milango wazi, matumbo nje. Jirani aliyekuwa na mtoto akampokeza, akaaga. Mtoto alikuwa na siku kumi, naye alikuwa ameanza kunenepa mashavu kwa maziwa ya kopo. Bi Rudia alimpakata. Mkwe aliingia akinawa mikono, akaketi kwenye kiti cha mbali, kama mkwe anavyoketi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekula?"

"Nimekula." Hakuwa amekula. Alikaa akiitazama sakafu, akasema, "Mama, mimi sikusoma mambo yenu. Nisamehe nikikuuliza kijinga."

"Uliza."

"Friji haifi ghafla. Mteja huja akaniambia imezimika tu, fundi, jana ilikuwa nzima. Uongo. Mota huanza kulia wiki nzima, ila hakuna anayesikiliza. Sasa nalala nawaza. Yule alipimwa damu kila siku. Mimi nilikuwa naona wanakuja na vichupa." Akanyanyua macho. "Damu yake haikulia?"

Angeweza kusema matatizo yatokanayo na uzazi. Maneno yalikuwa tayari, yamepigwa mhuri, na mtu aliyeketi mbele yake alikuwa na heshima ya kutosha kuyapokea na kunyamaza. Mtoto alikuwa amelala kwenye mkono wake wa kushoto, mzito kwa joto.

"Ililia," alisema. "Jumatano saa mbili asubuhi. Tukaisikia, tukasema ni mashine."

"Nani?"

"Kanuni ni yangu. Nilikuwa nimewaambia vijana, jibu la namna hiyo wasilitoe mpaka damu irudiwe. Haikurudiwa. Mkeo aliniambia mwenyewe kwamba walichota na hawakurudi, nikafanya mzaha. Aliniambia mbavu zinambana, nikafanya mzaha. Nilikuwa nimekaa pale kitandani saa mbili."

"Na kama jibu lingetoka siku ile?"

"Lingetoka siku ile, gari lingeondoka Jumatano. Sisemi angepona. Wengi wanapona."

Alisimama, akaja, akainama, akamchukua mtoto kutoka mikononi mwake kwa uangalifu uleule aliokuwa nao kwa kila kitu, akaingia chumba cha ndani. Mlango ukafungwa. Bi Rudia alibaki kwenye kiti, mikono imekaa vilevile ilivyokuwa imempakata mtoto. Hakujua kama aondoke. Kuondoka kungeonekana kukimbia, na kukaa kungeonekana kudai. Akakaa, kwa sababu hakuwa ameambiwa aende.

Jua lilihama kutoka friji ya kwanza hadi ya tatu. Ndani mtoto aliamka, akaanza kugugumia, kisha akalia ile sauti yake ya kudai haki. Alisikika mkwe akitembea huku na huku, akibembeleza kwa maneno ya watu wazima. Kilio kikapanda. Kitu cha bati kikaanguka.

Mlango ukafunguka. Alisimama na mtoto begani, kopo mkono wa pili, unga wa maziwa umemmwagikia kifuani. Hakumtazama. Alitazama ukuta, juu ya kichwa chake.

"Vijiko vingapi?"

"Kimoja kwa maji mililita thelathini. Anakunywa sitini."

"Viwili."

"Viwili. Usikilundike, kifyeke kwa kisu. Maji yawe yamechemshwa."

Alisimama kidogo, kana kwamba ana swali jingine. Kisha akarudi ndani, na safari hii mlango aliuacha wazi.